Siku Gemu ya Everett Ilipotoka

Mume wangu Everett si mtu mbaya, ila ni mtu wa kompyuta, na watu wa kompyuta wana maradhi yao. Mimi ninayo mashine yangu ndogo ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Nanunua gemu, naiweka, nakaa kwenye kochi na kikombe changu cha kahawa, nacheza. Everett hawezi. Yeye ni lazima achezee kwenye kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake, yenye feni za rangirangi na ubavu wa kioo ili wageni waone yaliyomo tumboni mwake. Husema picha za mashine yangu zinatetemeka kama uji. Nami humjibu kwamba afadhali uji nilio nao mezani kuliko nyama anayoahidiwa ya mwakani.

Maana ndivyo wanavyotendwa, masikini. Hiyo gemu inaitwa Bonde la Kunguru. Sisi wa televisheni tuliipata mwaka juzi, msimu wa kuwinda kulungu. Wao wa kompyuta wakaambiwa wasubiri kidogo. Wakasubiri. Ikatangazwa tarehe, ikaahirishwa, ikatangazwa nyingine, nayo ikaahirishwa, na waliotengeneza wakaandika barua ndefu ya kuomba radhi yenye picha ya mbwa wao wa ofisini. Mimi nilishaimaliza mara mbili. Muda wote huo Everett akiona nimeiwasha alikuwa akitoka sebuleni ameziba masikio kwa viganja, asije akasikia nani anamuua nani. Mume wangu, dereva wa basi la shule, mtu mzima mwenye kipara, anakimbia kwenye korido kama mtoto aliyeona sindano.

"Nikuambie tu mwisho wake?" nilikuwa namtania.

"Ukithubutu, Aili, narudi kwa mama."

"Mama yako yuko Florida."

"Basi ndiyo vizuri, huko hakuna theluji."

Hatimaye ikatoka, Alhamisi moja ya mwezi wa pili, na Alhamisi hiyohiyo ndiyo tuliyotakiwa kwenda mjini Marquette kumuaga mama yangu mdogo, Irja, aliyekuwa amefariki Jumamosi. Everett akaitoa suti yake kabatini. Alimpenda Irja. Lakini nilimwona akiitazama kalenda ya jikoni kwa macho ya mtu aliyeonewa, na nikamhurumia, japo nilijifanya sikuona.

Baba yangu, mzee Reino, anakaa nasi tangu mama alipofariki. Alifanya kazi mgodini maisha yake yote, na mgodi ukayachukua masikio yake. Akivaa vifaa vyake vya kusikia mnaongea vizuri kabisa. Akivivua, hata ukifyatua bunduki sebuleni yeye anaendelea na chakula chake. Na kila siku akishakula cha mchana huvivua, anaviweka kwenye kisahani jikoni, kwa kuwa anasema vinamwasha. Wiki hiyo alikuwa na mafua mabaya, pua imeziba hata harufu ya kahawa haisikii, kwa hiyo tulikubaliana abaki nyumbani asije akaondoka na Irja. Nilimwachia pasti mbili, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, kwenye oveni. Yeye na Everett wanapendana kwa namna ya wanaume wa huku kwetu, yaani hawaongei.

Asubuhi hiyo nilimkuta Everett chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba tunakoweka mashine ya kufulia, sauna ya kuogea mvuke, na hiyo kompyuta yake. Alikuwa amevaa suti ya msibani na miguuni ana soksi tu. Gemu za kompyuta siku ya kwanza haziwashwi tu zikachezwa. Kwanza zinajiandaa. Zinapika picha zake zote kufuatana na kadi ya michoro uliyo nayo, kile kifaa cha ndani kinachochora picha, na wewe unakaa kutazama mstari ukitambaa kuelekea mia. Walisema ni kazi ya dakika chache. Mstari wa Everett ulikuwa umelala kwenye tano tangu kabla hakujapambazuka, na feni zilikuwa zinavuma mpaka nilizisikia nikiwa jikoni.

"Izime twende," nikamwambia.

"Nikiizima inaanza upya. Acha ijipike. Tukirudi itakuwa tayari."

"Itajipika peke yake?"

"Wote tumeziacha, mama. Watu wako kazini saa hizi, mashine ziko nyumbani zinapika. Hii ndiyo siku ya kwanza, hakuna namna nyingine."

Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi na blanketi begani, akitutazama. Everett akamgeukia, akapaza sauti, "Ikifika mia, mzee, jioni nitakuonyesha hao kunguru." Baba akaitikia kwa kichwa. Tukaondoka.

Ibada ilikuwa nzuri. Baada yake tukashuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula: mikate ya nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, mkate wa iliki ambao Irja mwenyewe alikuwa akiuoka kila msiba wa mtu mwingine. Everett alikuwa na simu chini ya meza. Nikamfinya paja, akanionyesha. Alikuwa kwenye jukwaa lao la mtandaoni, pale watu wa kompyuta wanapokusanyika siku ya kwanza ya gemu kulia pamoja.

"Huyu amekwama asilimia tatu," akaninong'oneza, mabega yanamtikisika. "Huyu gemu imemfungukia kwa Kikorea. Huyu kunguru hawana vichwa."

"Na mlingoja mwaka mzima."

"Nyamaza, wewe mtu wa uji."

Akaendelea kusogeza kidole. Halafu akaacha kutafuna. Nilidhani amepaliwa. Aliweka mkate chini taratibu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, akaenda kwenye nyingine.

Nikamnyang'anya simu. Ilikuwa picha ya plagi, ile inayopeleka umeme kwenye kadi ya michoro. Nusu yake ilikuwa nyeusi, plastiki imelainika na kunata kwenye kadi. Chini yake mtu ameandika kwamba ametoka dukani akakuta chumba kimejaa moshi. Chini yake mwingine, na picha yake. Na mwingine. Walikuwa wameshaanza kuelewa: ule ukurasa wa maandalizi haukuwa na breki, uliikimbiza kadi kwa nguvu zake zote saa baada ya saa, na kwenye kadi hizi mpya waya ukiwa umekunjwa karibu na plagi, pale kwenye kona ndipo moto unapojikusanya. Mmoja ameandika kwa herufi kubwa: KAMA UMEKUNJA WAYA ILI KIOO KIFUNGE, ZIMA SASA HIVI.

Nilikuwepo Krismasi Everett alipoifunga hiyo kadi. Ilikuwa ndefu na nene, waya umetokeza, kioo hakifungi. Nilimwona amekaa sakafuni anausukuma waya kwa kidole gumba, kisha akakigandamiza kioo kwa goti mpaka kikalia tak, akafurahi, akawasha taa zote nje ya nyumba na kompyuta pia.

"Everett," nikasema.

Alikuwa ameshasimama anatafuta koti lake.

Nilimpigia baba simu tukiwa bado kwenye maegesho ya kanisa. Simu ya nyumbani iko jikoni ukutani. Ililia na kulia. Nilijua ni wakati gani wa siku: ameshakula, visikizi viko kwenye kisahani. Nikapiga tena hata hivyo. Majirani zetu wa karibu, akina Maki, wanahamia Arizona kila majira ya baridi, na baada ya nyumba yao ni msitu. Nikampigia mchungaji wa kanisa letu la nyumbani, naye alikuwa hukohuko Marquette, anakula viazi vya jibini meza ya pili kutoka tulipokuwa tumeketi.

Kutoka Marquette hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima barabara ikiwa safi. Haikuwa safi. Theluji ya ziwa ilikuwa imeanza, ile inayopulizwa kutoka ziwani ikija kwa ubavu, na pikapu yetu ilikuwa ikitafuta barabara kwa kuotea. Everett ameendesha watoto wa watu kwenye theluji hiyo miaka mingi bila kumkwaruza hata mmoja, na siku hiyo alikuwa ameukumbatia usukani, pua karibu na kioo.

"Kuna king'ora cha moshi pale chini," nikasema. "Hasikii, lakini kile kina taa. Si ulinunua chenye taa inayomulika kwa ajili yake?"

Akaongeza kasi ya vifuta kioo.

"Everett. Si kina taa?"

"Nilitoa betri."

"Ulizitoa kwa ajili ya nini?"

"Ya kipanya cha kompyuta. Betri zake zilikufa Jumapili, nikachukua zile mbili. Nilitaka kununua nyingine, nikasahau."

Nimeolewa na mtu huyu muda mrefu na sijawahi kumpiga. Siku hiyo nilimpiga ngumi ya bega, tena akiwa anaendesha kwenye theluji. Hakulalamika. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, mengine ya Kifini, ambayo bibi yangu aliyaweka akiba kwa ajili ya ng'ombe. Kisha nikaishiwa, kikabaki kitu kimoja tu kichwani mwangu: baba yangu yuko kwenye nyumba inayoweza kuwa inaungua, hasikii, pua imeziba, na kila kilichowekwa pale kumwamsha tumekizima sisi.

Nikapiga tisa-moja-moja, namba ya dharura. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akauliza kama naona moshi.

"Niko mbali, dada. Ningekuwa naona nisingekupigia, ningekuwa nazima."

"Nani amekuambia kuna moto?"

Nikajikuta namweleza habari za gemu na waya na asilimia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kichaa. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema magari yote mawili ya wazima moto wa kujitolea wa upande wetu yako barabara kuu, lori la magogo limepinduka na mtu amebanwa ndani. Atawaambia. Mara tu moja litakapopata nafasi, litakwenda. Akaniuliza jina la baba, nikamtajia herufi kwa herufi.

Hapo ndipo nilipokumbuka orodha. Kwenye simu yangu nina ukurasa wa lile duka la mtandaoni wanakonunulia gemu za kompyuta. Mimi sichezi huko. Nilijiandikisha ili nimfumanie Everett anapodai anafua nguo. Ukiwa rafiki wa mtu unaliona jina lake: akiwa ndani ya gemu jina linakuwa la kijani na gemu yenyewe imeandikwa chini, akitoka kwenye gemu linakuwa la buluu, kompyuta ikizimika kabisa linakuwa la kijivu. Nikafungua. Everett alikuwa wa kijani. Bonde la Kunguru.

"Bado imewashwa," nikasema.

"Kijani?"

"Kijani."

"Basi bado haijaungua. Ingekuwa imeungua ingezimika." Akanitupia jicho. "Si ndiyo?"

Sikujua. Nilikaza macho kwenye kile kijani mpaka yakaniuma, na nje hakukuwa na kitu isipokuwa weupe unaokuja kwenye kioo. Tulifika nyuma ya gari la kuzoa theluji, taa zake za njano zinazunguka, linakwenda polepole. Huwezi kulipita gari hilo, ukilipita unaingia kwenye ukuta wa theluji usiojua mwisho wake. Tukalifuata. Nilikuwa nikilisukuma kwa miguu yangu mwenyewe pale kwenye zulia la pikapu.

Kisha jina likawa la buluu.

"Imetoka," nikasema. "Everett, imekuwa ya buluu."

"Gemu imeanguka, yaani imejifunga." Alipiga usukani kwa kiganja. "Imeanguka yenyewe. Wanasema kwenye jukwaa, inaanguka ovyo, haimalizi. Ikianguka kadi inapoa. Aili, imeanguka yenyewe!"

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, machozi yananitoka. Mwaka mzima ameilaani gemu hiyo na walioitengeneza, na sasa tunawashukuru kwa ubovu wao. Nikasema hao watu nitawaandikia kadi ya Krismasi, na mbwa wao nitamtumia mfupa. Everett akajifuta pua kwa mkono wa suti. Nikaegemea kiti.

Nilipoitazama tena simu, jina lilikuwa la kijani.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikaifunga simu, nikaifungua. Kijani. Bonde la Kunguru.

"Imerudi," nikasema.

"Haiwezi kurudi. Ikianguka inatoa kidirisha, inauliza ujaribu tena au utoke. Lazima mtu abonyeze."

Ndani ya nyumba yetu alikuwamo mtu mmoja tu.

"Anafanya nini kule chini?" nikauliza. "Saa hizi huwa amelala juu. Anafanya nini kule chini?"

Nikamfikiria amekaa kwenye kiti cha Everett, blanketi begani, uso karibu na kile kioo. Mpaka hapo nilikuwa nimejifariji kwamba kama moto utaanza, utaanza chini naye yuko juu, katikati kuna ngazi na mlango. Sasa hakuna ngazi wala mlango. Nikapiga tena simu ya jikoni, kama mjinga, nikaiacha ilie.

Ikawa ya buluu. Ikawa ya kijani. Tulipita mgodi wa zamani ikawa ya buluu tena, nikaomba kwa sauti, baba achoke, baba asinzie, baba aende akanywe maji. Ikawa ya kijani. Kila ilipoanguka yeye aliiinua. Everett alikuwa analia waziwazi sasa, anaendesha na kulia, na hasira yangu kwake ilikuwa imekwisha, sikuwa na nafasi ya kuiweka.

"Mwambie aache," akasema. "Aili, mwambie aache." Kana kwamba kuna njia ambayo sijaijaribu.

Gari la kuzoa theluji lilikata kona kwenda zake. Mbele yetu barabara ilikuwa haijaguswa. Everett akaingia, magurudumu yakazama, yakashika, tukasonga. Nilitazama chini. Jina lilikuwa la kijivu.

Nilingoja lirudi. Nilisema moyoni, nitahesabu mpaka kona ile, litarudi. Kona ikapita. Nikapiga simu ya jikoni na safari hii haikulia kabisa, ilitoa mlio ule wa kukatika. Sikumwambia Everett. Alinitazama usoni mara moja akaongeza mwendo, na pikapu ikawa inateleza ubavuubavu kwenye kila kona, na sikumwambia apunguze.

Nyumba ilikuwa imesimama. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, paa na dohani, na nikasema asante. Cha pili nilichokiona ni dirisha dogo la chini, lile lililo usawa wa theluji. Lilikuwa jeusi, na moshi unapenya pembeni mwake.

Nilikimbilia mlango wa jikoni namwita baba. Nilijua hasikii, nikamwita vilevile. Ndani umeme ulikuwa umekatika. Visikizi vyake vilikuwa kwenye kisahani, karibu na pasti moja ambayo haijaguswa. Moshi ulikuwa unapanda ngazini, wenye harufu ya plastiki inayokwangua koo. Everett akalowesha taulo ya vyombo, akajifunga usoni, akashuka. Nikataka kumfuata, akanisukuma kifuani kwa mkono wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nilisimama juu ya ngazi nikamsikia anakohoa, anaangusha vitu, anaita, "Mzee! Mzee Reino!" Halafu kimya. Huo kimya ndio ninaouota mpaka leo.

Akatokeza, uso mweusi.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo vipi?"

"Kiti kitupu. Zulia linafuka. Kompyuta haipo. Aili, kompyuta yenyewe haipo."

Upande wa sauna kuna mlango unaotokea uani, tunaoutumia kukimbilia kwenye theluji tukishapata joto. Tulizunguka nyumba kwa nje, theluji magotini, mimi na viatu vyangu vya msibani. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka mlangoni kulikuwa na mfereji kwenye theluji, kama mtu amekokota kitu kizito, na pembeni mwake alama za miguu isiyo na viatu.

Alikuwa amekaa chini karibu na mti wa birchi, na fulana yake ya ndani, bila blanketi. Mbele yake ile kompyuta ilikuwa imelala ubavu, kioo kimepasuka, inatoa moshi mwembamba na kuchemsha theluji iliyoizunguka. Mikono yake ameichomeka kwenye theluji mpaka viwiko. Nilifikiri amekufa akiwa amekaa. Nikamshika uso, akainua macho.

"Mmewahi," akasema kwa ile sauti ya juu ya kiziwi. "Msiba umekwendaje?"

Everett alimbeba mgongoni hadi kwenye pikapu kama gunia la viazi. Tuliwasha joto mpaka mwisho. Nilimfunika kwa makoti yetu yote, na Everett akavua buti zake na soksi, akamvisha. Viganja vya baba sikuweza kuvitazama vizuri. Ngozi ya vidole ilikuwa imebaki kwenye kile chuma. Mbali barabarani nilisikia king'ora cha gari la moto likija, na kwa mara ya kwanza tangu kanisani nikavuta pumzi mpaka chini.

Baba hakuwa akilalamika. Alikuwa anajieleza. Alisema alishuka kutazama mara moja tu, akakuta imesimama, imeandika inauliza kama ajaribu tena. Akajaribu tena. Ikasimama tena. Haikuwa ikianza upya kama alivyosema Everett, inaendelea ilipoachia, kwa hiyo akaona kumbe inataka mtu wa kukaa nayo tu. Akakaa nayo.

"Nilisema mtu aliyetoka kuaga maiti asikute na kingine kimekufa nyumbani," akasema. "Halafu nikaona moto pale pembeni, mdogo. Nikaing'oa ukutani. Maji sikuthubutu, kwa sababu ya umeme. Nikasema niitoe nje ipoe, labda kilichomo ndani kitapona."

Everett alikuwa amepiga magoti kwenye theluji kwenye mlango wa pikapu, bila viatu, ameshika miguu ya baba ndani ya zile buti.

"Nisamehe, baba," akasema. Miaka yote alikuwa akimwita mzee Reino. "Nisamehe. Nisamehe, baba."

Baba aliona midomo inatembea, akamwinamia, akadhani anaulizwa habari za gemu.

"Tisini na mbili," akamjibu kwa sauti kubwa. "Ilikuwa imefika tisini na mbili, mkwe. Ila mikono ilinishinda."